Ada ya kambi, ada ya chuo, nauli ya Israeli: tuliyojifunza kuhusu ufadhili wa vijana wa Kiyahudi Marekani

Mzazi wa Kiyahudi nchini Marekani anayetaka mwanawe aende kambi ya kiangazi mara nyingi huanza kuulizia msaada mwezi wa nne, akishaiona jumla ya ada. Wakati huo mifuko mingi imeshafungwa. Sisi tuliopita katika njia hii ya fomu, na baadaye tukakaa na familia nyingine kuzijaza, tungependa kila mzazi alijue hili mapema: fedha zipo, tena nyingi kuliko inavyodhaniwa, ila hazikai mahali pamoja. Zimetawanyika katika mashirikisho ya Kiyahudi ya kila mji (mashirika yanayokusanya na kugawa michango ya jamii), masinagogi, kambi zenyewe, mifuko iliyoachwa na familia kwa kumbukumbu ya marehemu wao, na vyama vya mikopo isiyo na riba ambavyo baadhi yao vilianzishwa na wahamiaji zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kila mfuko una mlango wake na saa yake ya kufunga. Anayepata si lazima awe mhitaji kuliko wote wala hodari kuliko wote. Mara nyingi ni yule aliyeanza Oktoba.

Jambo la pili ni aibu, na ni vizuri kulisema waziwazi. Mzazi ana kazi, ana gari, analipa kodi ya nyumba kila mwezi, akaona fomu ya msaada imewekwa kwa ajili ya watu wengine. Huijaza mpaka ukurasa wa mapato, akaiacha hapo. Wengine hudhani rabi, kiongozi wa dini wa sinagogi, atawatazama kwa jicho jingine Jumamosi asubuhi. Ukweli ni kwamba kamati hizi hupokea maombi ya walimu, wauguzi, wenye maduka madogo, watu wenye watoto watatu ambao wote wamefika umri wa kambi kwa pamoja. Katika karne ya 12 Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi, alipanga utoaji katika ngazi nane. Ya juu kabisa ni kumwinua mtu kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi ili asihitaji tena kuomba. Inayofuata ni ile ambayo mtoaji na mpokeaji hawajuani. Fomu nyingi utakazokutana nazo zimejengwa juu ya ngazi hizo mbili. Ndiyo maana baadhi ya kambi huipa kamati namba ya maombi badala ya jina, na ndiyo maana miji mingi mikubwa ina chama cha mikopo isiyo na riba.

La tatu linahusu nani anahesabiwa. Familia ambazo mzazi mmoja tu ni Myahudi hujitoa zenyewe kabla hazijaulizwa. Mifuko mingi ya mashirikisho inakubali mtoto mwenye mzazi mmoja Myahudi, awe baba au mama, na pia aliyeongoka chini ya dhehebu lolote linalotambulika. Wengi hawaulizi kama familia inashika Sabato au inakula kosheri, yaani chakula kinachofuata sheria ya Kiyahudi. Wachache huomba barua ya rabi. Soma masharti ya mfuko wenyewe. Usikubali kukataliwa na dhana ya jirani.

Tuanze na kambi, kwa kuwa ndiko familia nyingi huanzia. Tofautisha kambi ya kutwa na kambi ya bweni. Ruzuku kubwa ziko upande wa bweni, na gharama kubwa pia ziko huko: kambi nyingi hutoza zaidi ya dola 1,000 kwa wiki, hivyo muhula wa wiki nne unaweza kufika dola 6,000 na kupita. Ruzuku ya kwanza ya kuombwa ni One Happy Camper, inayosimamiwa na Foundation for Jewish Camp, shirika lililoanzishwa mwaka 1998, kwa ushirikiano na mashirikisho ya miji na kambi. Haiangalii mapato kabisa. Daktari bingwa na mfagiaji wanapata sawa, kwa sababu lengo ni kumwingiza mtoto kambini kwa mara ya kwanza. Miji mingi hutoa hadi dola 1,000 kwa muhula wa siku 19 au zaidi, na kiasi kidogo zaidi, mara nyingi dola 700, kwa muhula wa siku 12 hadi 18.

Hapa ndipo hesabu hukosewa. Wazazi wenye wasiwasi huchagua muhula mfupi wa siku sita au saba "ajaribu kwanza", nao haufiki kiwango cha ruzuku. Kama mtoto anaweza kukaa, linganisha gharama baada ya kuondoa ruzuku. Pengo kati ya wiki moja na wiki mbili au tatu hupungua. Kama hawezi, basi hawezi, na fedha isiwe sababu ya kumlazimisha mtoto wa miaka minane alale mbali na nyumbani siku ishirini. Kingine: katika miji mingi mtoto anayesoma shule ya Kiyahudi ya kutwa haruhusiwi kupata ruzuku hii, kwa hoja kwamba tayari anapata malezi hayo mwaka mzima. Masharti yanafuata anuani ya nyumbani, si mahali kambi ilipo. Familia mbili zinazopeleka watoto kambi ileile, chumba kilekile, zinaweza kuwa na masharti tofauti kwa sababu zinaishi majimbo tofauti.

Fedha hailetwi kwako, inakwenda moja kwa moja kambini na kupunguza ankara. Mtoto akiondoka kabla ya muda, sehemu yake inaweza kurudishwa kwa mfadhili nawe ukabaki na deni. Lisome sharti hilo kabla ya kusaini.

Baada ya hapo nenda kwenye sinagogi. Rabi wengi wana mfuko mdogo ambao hutumia kwa hiari yao bila kupitia kamati, na vyama vya wanaume na vya wanawake vya sinagogi huwa na kiasi cha watoto wa kambi. Ni dola mia mbili, mia tano, pengine zaidi kidogo. Huombi kwa fomu, unaomba kwa mazungumzo. Mpigie katibu wa ofisi, omba dakika kumi na rabi, nenda na karatasi yenye jina la kambi, tarehe, ada, na kiasi unachokosa. Ukizungumza kwa jumla tu kwamba hali ni ngumu, atakuonea huruma lakini hatajua aandike hundi ya kiasi gani.

Shirikisho la mji lina fomu ndefu. Hizi ndizo zinazotaka fomu ya kodi ya mapato iitwayo 1040, karatasi za W-2 za waajiri wote zinazoonyesha mshahara, na kwa mwenye biashara yake, Schedule C, fomu ya mapato ya biashara. Tarehe nyingi za mwisho ziko kati ya Januari na Machi, wakati watu wengi bado hawajawasilisha kodi ya mwaka uliopita. Ukingoja kodi ikamilike, utachelewa. Wasilisha ya mwaka uliotangulia, weka maelezo mafupi kwamba mpya itafuata, kisha uitume kweli. Mzazi aliyepoteza kazi karibuni ana tatizo la pekee: kodi yake ya mwaka jana inamwonyesha kama mtu mwenye mshahara mzuri. Aambatanishe barua ya kusitishwa kazi yenye tarehe na hati ya malipo ya ukosefu wa ajira. Wazazi waliotengana wajue kwamba kamati nyingi huomba hati za wote wawili, hata kama mmoja halipi chochote. Mzazi mwenzako akikataa kutoa, usiliache pengo tupu. Eleza kwa sentensi mbili na uambatanishe amri ya mahakama ya matunzo kama ipo. Familia iliyohamia karibuni na haina historia ya kodi inaweza kutumia hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho na barua ya shirika lililowapokea.

Kambi yenyewe ije mwisho wa kulipa lakini mwanzo wa kuambiwa. Yaani, unapomsajili mtoto Oktoba, mwambie mkurugenzi kwamba utaomba msaada, kisha omba fomu yake mara moja. Kambi nyingi huwa na bei nafuu kwa wanaojisajili mapema, na punguzo kwa ndugu wa pili na wa tatu, na haya hayapatikani tena baadaye. Lakini kiasi cha mwisho unachoomba kambini kinapaswa kuwa pengo lililobaki baada ya wengine wote. Wakurugenzi wanapenda hivyo kwa sababu fedha yao inatosha watoto wengi zaidi.

Mfano wa hesabu, kwa namba za kubuni: ada ni dola 6,000. Ruzuku ya mara ya kwanza 1,000. Shirikisho 900. Sinagogi 500. Familia inaweza kulipa 2,400, kwa awamu sita za dola 400 kuanzia Januari hadi Juni. Jumla ni 4,800. Barua kwa kambi inaomba dola 1,200, na inaonyesha mistari yote hiyo. Barua ya namna hii, ukurasa mmoja tu, hushughulikiwa haraka kuliko kurasa nne za masikitiko. Swali ambalo wazazi wengi huliacha wazi kwenye fomu ni "Unaweza kulipa kiasi gani?" Wanaogopa kutaja kikubwa wakaumia, au kidogo wakaonekana wabahili. Andika namba. Kamati isiyo na namba italazimika kukisia, na makisio yake hayajui kodi ya nyumba yako ilipanda lini.

Usifiche msaada wa upande mmoja ukiwa unaomba upande mwingine. Watu hawa wanafahamiana, hundi zote zinafika kwa mhasibu yuleyule wa kambi, na ikitokea ziada itarudishwa kwa mfadhili wa mwisho, si kwako. Uaminifu huo unabaki kwenye faili kwa mwaka wa pili, na mwaka wa pili ndio mgumu: ruzuku ya mara ya kwanza haipo tena. Familia nyingi husherehekea kiangazi cha kwanza na kukutana na ankara kamili kiangazi cha pili, mtoto akiwa tayari ana marafiki anaohesabu siku za kuwaona. Panga miaka miwili tangu mwanzo. Uliza kila mfadhili: je, mnaendelea, na kwa kiasi gani?

Kuna gharama ambazo hazipo kwenye ankara. Usafiri wa basi au ndege hadi kambini, akaunti ya duka la kambi, begi kubwa, tochi, viatu vya kuogelea, nguo nyeupe za Ijumaa jioni, fomu ya afya ambayo daktari huitoza, dawa ambazo kambi nyingi hutaka zifungashwe na duka la dawa lao kwa ada. Tenga dola mia kadhaa. Waulize wazazi wa mwaka jana. Wengi wana begi na buti zilizobana na watafurahi kuzitoa. Na kuhusu kodi ya serikali: ada ya kambi ya kutwa inaweza kuhesabiwa katika nafuu ya matunzo ya mtoto kwa wazazi wanaofanya kazi, lakini kambi ya bweni haihesabiwi. Usiipange bajeti kwa nafuu ambayo haitakuja.

Mtoto akifika sekondari, milango inabadilika. Sasa ni yeye anayeomba, na insha ni yake. Kwa safari za kiangazi za Israeli za wanafunzi wa sekondari kuna RootOne, mpango wa The Jewish Education Project ulioanzishwa kwa fedha za Marcus Foundation. Ulianza kwa vocha ya dola 3,000, na kiasi hutegemea mwaka na aina ya safari. Huombi RootOne peke yake ukapewa hundi; unachagua safari ya shirika lililo ndani ya mpango, kama vile BBYO, NFTY, USY, NCSY au Ramah, nalo linakutolea vocha. Kijana hupaswa kumaliza masomo ya mtandaoni kabla ya kuondoka. Asiyemaliza anaweza kuipoteza vocha, na hili huwapata hasa vijana wenye mitihani ya Mei. Yapangeni masomo hayo yaishe kabla ya Aprili.

Kuna pia mipango ya kuweka akiba kidogo kidogo, ambapo familia, sinagogi na shirikisho kila mmoja huchangia kila mwaka tangu mtoto akiwa na miaka minane au tisa, mpaka siku ya safari. Ni mpango mzuri sana na hausikiki, kwa kuwa unafundishwa kwa wazazi wa watoto wadogo ambao safari ya Israeli wanaiona mbali mno. Uliza ofisi ya shirikisho kama wanao.

Kwa wenye uwezo mkubwa wa masomo, Bronfman Fellowship, iliyoanzishwa mwaka 1987, huchagua vijana 26 wa Amerika Kaskazini walio darasa la 11, na hulipia programu yenyewe. Anayeongoza mradi wa huduma kwa jamii aangalie Diller Teen Tikkun Olam Awards: dola 36,000 kwa hadi vijana 15 kwa mwaka, wenye miaka 13 hadi 19, zitumike kwa masomo au kuendeleza mradi. Ushindani ni mkali, lakini tuzo hii ya pili ina jambo ambalo wengi hawalijui: kijana anaweza kupendekezwa na mwalimu, rabi au mtu mzima mwingine asiye ndugu, au akajipendekeza mwenyewe. Mradi uwe na namba: wazee wangapi walihudumiwa, chakula kilo ngapi, vijana wangapi walijiunga. Moyo mwema bila namba hauonekani kwenye karatasi.

Safari ya Poland ina uzito wake. March of the Living, iliyoanza mwaka 1988, huwapeleka vijana kutembea kilomita tatu hivi kutoka Auschwitz hadi Birkenau, zilizokuwa kambi za mauaji za Wanazi, siku ya kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi, kisha kwa kawaida huendelea Israeli. Mashirikisho mengi hulipia sehemu. Kwa vile inaangukia katikati ya muhula wa masomo, gharama moja ni masomo yenyewe: pata barua ya ruhusa ya shule kabla ya kulipa amana. Na mzazi amtayarishe mtoto. Kuna vijana wanaorudi kimya kwa wiki kadhaa. Si tatizo la kumpeleka mbio kwa daktari, lakini asiachwe peke yake nalo.

Sasa bima. Tangu Oktoba 2023 safari za Israeli zimefutwa, zimefupishwa au kuhamishiwa nchi nyingine kwa taarifa fupi. Juni 2025, vita na Iran vilipofunga anga, meli ilibidi iwabebe zaidi ya washiriki 1,000 wa Birthright, mpango wa safari za Israeli zinazolipiwa vijana, kutoka Israeli hadi Kiprosi (Cyprus). Bima nyingi za kawaida za safari hazilipi kwa sababu ya vita. Ile inayokuruhusu kufuta kwa sababu yoyote ni ya bei ya juu, hulazimu kununuliwa ndani ya wiki mbili au tatu tangu malipo ya kwanza, na hurudisha asilimia 50 hadi 75 tu. Kabla ya kulipa chochote, muulize mwandaaji kwa maandishi: mkifuta nyinyi, nini kinarudi? Nikifuta mimi? Mkiahirisha, je, vocha na ruzuku vinahamia mwaka ujao? Swali la mwisho ndilo muhimu zaidi, kwa sababu ruzuku ya shirikisho inaweza kuisha mwaka wa fedha ukifungwa.

Chuo kikuu ni ulimwengu mwingine, na hapa ufadhili wa Kiyahudi ni nyongeza juu ya msingi wa serikali na wa chuo. Anza na FAFSA, fomu ya serikali ambayo kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Vyuo vingi binafsi vinataka pia CSS Profile, ambayo huchimba zaidi: thamani ya nyumba, biashara ya familia, na mara nyingi mapato ya mzazi asiyeishi na mtoto. Bila FAFSA, na CSS Profile pale chuo kinapoitaka, mifuko mingi ya Kiyahudi itakurudisha, kwa sababu wao hutaka kuona barua ya tuzo ya chuo ndipo wajue pengo lako.

Mfuko wa kipekee wa kuujua ni JELF, Jewish Educational Loan Fund ya Atlanta. Ulianza kama kituo cha yatima wa Kiyahudi katika karne ya 19, na tangu mwaka 1961 unakopesha wanafunzi bila riba. Unahudumia Georgia, Florida, North Carolina, South Carolina na sehemu kubwa ya Virginia. Hutoa dola ya mwisho: unaleta bajeti ya chuo, unaondoa kila ulichokwisha kupata, nao wanaangalia pengo. Miji mingine ina vyama vya mikopo isiyo na riba viitwavyo Hebrew Free Loan. Cha New York kilianza mwaka 1892, cha San Francisco mwaka 1897. Fedha ile ile inazunguka: anachorejesha mmoja kinamkopesha mwingine.

Kinachowakwamisha wanafunzi katika mikopo hii ni wadhamini. Chama hakichukui rehani ya nyumba; kinataka watu wenye mapato na rekodi nzuri ya mikopo watakaolipa kama mkopaji ameshindwa, mara nyingi zaidi ya mmoja. Wanafunzi huwaomba wajomba na shangazi dakika za mwisho, wakati wajomba wenyewe wamekwishawadhamini watoto wao. Waulize ndugu mapema, mwezi mmoja au miwili kabla, na uwaeleze wazi kwamba wanaweka sahihi inayowabana kisheria. Mdhamini aliyesaini bila kuelewa ni chanzo cha ugomvi wa familia usiokwisha. Malipo yakianza na kazi haijapatikana, piga simu kwa chama kabla ya tarehe ya kulipa kupita. Wengi hukubali kupunguza awamu. Wasichokubali ni ukimya.

Hatari nyingine ya chuo haitajwi kwenye vipeperushi. Mwanafunzi anashinda dola 3,000 za shirikisho, kisha chuo kinapunguza ruzuku yake chenyewe kwa dola 3,000. Familia haijapata kitu. Baadhi ya majimbo yameweka mipaka, Maryland ikiwa ya kwanza mwaka 2017 kwa vyuo vya umma, lakini kwingine ni sera ya chuo. Kabla ya kukubali ufadhili wa nje, iandikie ofisi ya misaada: fedha hii itapunguza nini kwanza, mkopo na kazi za chuoni, au ruzuku? Wakijibu ruzuku, mwombe mfadhili akulipe kwa awamu za miaka miwili au kwa kompyuta na vitabu. Baadhi hukubali. Kumbuka pia kodi: kiasi kinachotumika kwa masomo, ada za lazima na vitabu hakitozwi kodi, lakini kinachotumika kwa chumba na chakula kinatozwa.

Insha za mifuko hii hufanana maswali: Uyahudi una nafasi gani maishani mwako? Wasomaji wa kamati wanakutana na Bat Mitzvah (sherehe ya msichana kufikia utu uzima wa kidini) na bibi aliyenusurika vita katika rundo lote. Andika ulichokifanya wiki iliyopita, si ulichoambiwa kuhusu bibi yako. Kijana aliyeandika jinsi anavyowafundisha watoto watano kusoma Kiebrania Jumapili asubuhi, na kwa nini wawili waliacha, anakumbukwa.

Kati ya miaka 18 na 26 kuna Birthright Israel, iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa fedha za Charles Bronfman, Michael Steinhardt na wengine, na ambayo imewapeleka Israeli vijana zaidi ya 800,000. Ndege, hoteli, basi na milo mingi vinalipwa. Hailipii nauli ya kufika uwanja wa ndege wa kuondokea, baadhi ya milo, bahashishi na manunuzi. Amana ya dola 250 hurudishwa baada ya safari, isipokuwa umefuta kwa kuchelewa au umevunja kanuni. Nafasi za kiangazi hujaa haraka, hivyo jisajili siku za mwanzo, na ufanye mahojiano ya simu bila kuahirisha. Aliyekwenda Israeli na kikundi akiwa sekondari bado anaweza kuomba. Anayetaka kukaa miezi kadhaa kwa kazi au masomo aangalie Masa, iliyoanzishwa mwaka 2004 na serikali ya Israeli pamoja na Jewish Agency, yenye ruzuku zake.

Tangu Januari 2025 wasafiri wasiohitaji viza, Wamarekani wakiwemo, lazima waombe kibali cha mtandaoni cha ETA-IL kwa shekeli 25 kabla ya kupanda ndege. Mwenye mzazi raia wa Israeli ana mtihani mkubwa zaidi: huenda sheria inamhesabu kuwa raia, na raia huingia na kutoka kwa pasipoti ya Israeli, tena jeshi linaweza kuwa na faili lake. Ajitokeze ubalozi mdogo wa Israeli miezi kadhaa kabla. Kuna vijana waliozuiwa kupanda ndege kwa sababu ya jambo hili tu.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, njia si ileile. Abayudaya, Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 na kupigwa marufuku wakati wa Idi Amin, walipata kundi lao la kwanza la Birthright Agosti 2018, vijana wapatao 40. Kiongozi wao, rabi Gershom Sizomu, alisoma Los Angeles na kuwekwa rasmi kuwa rabi mwaka 2008. Lakini kutambuliwa na shirika la Kiyahudi hakumaanishi kutambuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli. Mwaka 2017 kijana kutoka jamii ya Wayahudi ya Kenya alirudishwa kutoka uwanja wa Ben Gurion ingawa alikuwa na viza. Pasipoti za Uganda na Kenya zinahitaji viza, na ETA-IL haiwahusu. Beba mkononi, si kwenye begi la chini ya ndege: barua ya mwaliko ya programu yenye tarehe, barua ya rabi, cheti cha uongofu kama kipo, tiketi ya kurudi, barua ya shule au mwajiri anayekungoja nyumbani, na namba ya simu ya mtu wa programu atakayepokea saa yoyote. Anayeomba chuo Marekani kutoka Kampala au Nairobi hapati FAFSA, kwa kuwa ni ya raia na wenye kadi ya kijani pamoja na makundi machache mengine. Aelekeze nguvu kwenye vyuo vinavyowapa wanafunzi wa kigeni ruzuku vyenyewe, ajaze CSS Profile pale inapotakiwa, na awaandikie Hillel, kituo cha wanafunzi Wayahudi, wa chuo hicho akishakubaliwa, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaojua mfuko mdogo wa eneo lile usiotangazwa popote.